Jenerali Aliyelainisha Bwawa

Nchi ninayotaka kuisimulia ipo, lakini jina lake ni siri ya taifa. Lilifungiwa kwenye kabati la chuma mwaka ule wa uhuru, adui asije akalijua akaivamia kwa kuitaja, na funguo za kabati wanazo watu wawili ambao hawasalimiani. Wananchi wenyewe huiita "hapa". Hapa pazuri, husema, baada ya kutazama kwanza nani amekaa meza ya jirani. Msomaji akiona kwamba hapa panafanana na pale anapoishi yeye, nimehakikishiwa na wakubwa kuwa hilo limetokea kwa bahati mbaya, na bahati mbaya hiyo inachunguzwa.

Katika mji mkuu wa hapa kuna jengo la ghorofa saba lisilo na madirisha. Hiyo ndiyo Idara ya Usikivu wa Taifa. Kazi yake ni kuyasikia yanayotokea nchini na kuyafikisha kwa Mkuu wa Nchi, ambaye kwa heshima huitwa Mtukufu Mlezi. Sasa, Mtukufu Mlezi ana presha, na daktari wake alikwishaonya kwamba habari mbaya isimfikie ikiwa nzima. Ndipo ukaanzishwa utaratibu wa kulainisha. Ripoti huingia chini ikiwa mbichi, kama ilivyoandikwa na afisa aliyeyaona mambo kwa macho yake. Kila ghorofa inayopanda, afisa wa ghorofa hiyo sharti ailainishe mara moja, asizidishe wala asipunguze, agonge muhuri, aipandishe kwa mwenzake wa juu.

Mwaka mmoja wananchi wa wilaya ya Kandazi walimpiga mawe mkuu wao wa wilaya hadi akafungwa bandeji kichwa kizima. Ripoti ilipofika ghorofa ya pili, wananchi walikuwa wamemrushia vitu. Ghorofa ya nne, walikuwa wamemrushia maua, baadhi yakiwa mazito. Ghorofa ya sita bandeji ikawa kitambaa. Ripoti ilipotua mezani kwa Mtukufu Mlezi ilisema: "Wananchi wa Kandazi wamemlaki mkuu wa wilaya kwa msisimko mkubwa na kumvika kilemba." Mtukufu alifurahi sana. Aliagiza wakuu wote wa wilaya nchini wapelekwe Kandazi kwa zamu.

Aliyeandika neno kilemba alikuwa Fulgensi Malekano, na ndiye ninayemsimulia.

*

Fulgensi hakuingia Idarani kwa uroho. Aliingia kwa huruma. Tangu utotoni hakuweza kumpa mtu habari ya kumuumiza. Wazazi wake walikufa mapema, akalelewa na dada yake, Skolastika, fundi cherehani katika Bonde la Kisengo. Siku mbuzi wa Skolastika alipokufa, Fulgensi, mwenye umri wa miaka saba, alikaa naye kwenye kigoda akamweleza kwa upole kwamba mbuzi amepumzika kuliko kawaida. Skolastika alimtazama, akaenda kutafuta kisu cha kumchunia. "Wewe utafika mbali," alimwambia, "lakini sijui wapi."

Alifika. Alianza ghorofa ya chini, na bosi wake wa kwanza akagundua kwamba kijana huyu huandika ripoti mbichi ikiwa tayari imeiva. Kila baada ya miaka mitatu au minne alipanda ghorofa moja. Aliwapenda kwa dhati wale aliowaandikia. Alipobadilisha njaa kuwa "hamu ya kula iliyosambaa", alimwona Mtukufu Mlezi akilala usingizi mzuri, naye akalala.

Kisha vikaja vita. Jeshi la nchi jirani lilivuka mto likaingia ndani kilomita kumi na mbili, na maafisa wote wa Idara wakaugua tumbo siku hiyohiyo ili wasiiandike. Fulgensi peke yake ndiye aliyekaa mezani. Aliandika: "Mpaka wetu umepata ugeni mkubwa, na wanajeshi wetu, kwa ukarimu wao wa asili, wamewapisha wageni kwa mwendo wa kasi." Wiki ya pili jeshi lile liliishiwa chakula likarudi lilikotoka. Fulgensi akaandika kwamba wageni wameaga. Kwa ushindi huo alivishwa nishani tano, na Mtukufu Mlezi akaamua kwamba sikio la taifa na rungu la taifa yakae kwa mtu mmoja, yasije yakagombana. Hivyo Fulgensi Malekano akawa Jenerali, Mkurugenzi Mkuu wa Usikivu, na Msimamizi Mkuu wa Ulinzi wa Hapa.

Siku ya kuapishwa alihutubia maafisa wake uwanjani.

"Nimewasikiliza wananchi," alisema. "Nimesikiliza hata wasiposema. Ukimya wao umenieleza mengi, na yote ni mazuri."

Maafisa walipiga makofi kwa dakika kumi na moja, muda uliowekwa na kanuni.

*

Alikuwa ameketi kwenye kiti hicho mwaka wa sita, asubuhi moja ya jua kali, akinywa chai, alipoletewa ripoti ya ukurasa mmoja. Ilikuwa na mihuri sita, ikingoja wa kwake. Ilisema: "Bwawa la Ushindi limeanza kutabasamu upande wa kushoto, na tabasamu lake linazidi kupanuka."

Mtu mwingine yeyote angegonga muhuri akaendelea na chai. Lakini Fulgensi ndiye aliyelileta neno "tabasamu" Idarani, miaka ile akiwa ghorofa ya sita, na alijua lilitokana na nini. Kikombe kikabaki hewani. Bwawa la Ushindi lilikuwa juu kabisa ya Bonde la Kisengo. Chini yake walikaa watu elfu kumi na moja, na mmoja wao alikuwa dada yake.

Hakupiga simu. Alishika ngazi akaanza kuteremka, jambo ambalo hakuna mkurugenzi aliyewahi kulifanya, hata maafisa wakadhani jengo linaungua.

Ghorofa ya sita afisa alisimama akapiga saluti. "Mimi nililetewa mstari wa kupendeza, afande."

Ghorofa ya tano walikuwa wameletewa alama. Ya nne, mkunjo. Ya tatu, upenyo. Ghorofa ya pili afisa alitazama viatu vyake akasema, "Ufa, afande. Lakini mdogo. Mimi ndiye niliyeufanya mdogo."

Ghorofa ya chini, kwenye meza iliyoegemezwa ukutani kwa kuwa ilikosa mguu, alimkuta msichana aliyemaliza chuo mwaka uliopita, mhandisi aliyeajiriwa kukagua mabwawa, jina lake Perpetua Lugazo. Hakupiga saluti, maana hakuna aliyewahi kumfundisha. Hakutarajiwa kukutana na mtu wa kupigiwa.

"Wewe ndiye uliyeandika habari ya Bwawa la Ushindi?"

"Mara nne, mzee. Hii ya mwisho kwa kalamu nyekundu."

"Hebu niambie ulichoandika."

"Ukuta umepasuka mita arobaini. Maji yanapita. Nimewapa siku tatu, labda nne, halafu upande wa kushoto unaondoka na kila kilichoko chini yake." Alimtazama vizuri. "Samahani, mzee, wewe ni wa ghorofa ya ngapi?"

"Ya saba."

"Kumbe kuna mtu huko," alisema Perpetua.

*

Kwa sheria za hapa, hakuna awezaye kuwahamisha wananchi isipokuwa Mtukufu Mlezi kwa kinywa chake. Mchana huo Jenerali alikwenda Ikulu. Njia nzima alijifunza sentensi moja, akaisema polepole ndani ya gari kama mtu anayejifunza lugha ya ugenini.

Mtukufu Mlezi alikuwa anakula papai.

"Mtukufu," alisema Fulgensi, "bwawa linabomoka."

Mtukufu aliweka kijiko chini. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kupelekewa neno hilo. Alilitafuna kidogo.

"Linabomoka," alirudia. "Hilo jipya. Lina uzito. Mmelitunga ninyi?"

"Hapana, Mtukufu. Lina maana kwamba ukuta—"

"Usinieleze, nimelielewa. Mwaka jana mliniambia linapendeza, sasa limepanda linabomoka. Safi sana, Jenerali. Siku ya Bwawa nitakwenda kuhutubia palepale. Nitawaambia wananchi kwamba chini ya uongozi wangu, kila kitu hapa kitabomoka." Alichukua kijiko. "Ila nasikia watu wa bondeni wana minong'ono. Wanasema maji, maji. Nenda kesho redioni ukawatulize. Waambie bwawa ni imara."

Fulgensi alitoka na amri hiyo mkononi. Ofisini alimpigia simu dada yake. Nyuma ya sauti yake kulisikika cherehani ikikimbia.

"Dada, hameni. Leo. Bwawa limepasuka."

Cherehani ikasimama.

"Unaumwa, Fulgensi?"

"Siumwi. Ondokeni, wewe na majirani."

"Mdogo wangu, nitawaambiaje majirani? Kwamba Jenerali amenipigia simu? Wewe si ndiye uliyetuambia vita ni wageni? Mume wa jirani yangu alitoka kwenda kuwapokea, mpaka leo hajarudi. Sisi huku tuna utaratibu wetu. Redio ikisema mafuta ya taa yapo, tunakimbilia foleni. Ikisema hakuna kipindupindu, tunachemsha maji. Kuhusu bwawa redio haijasema kitu, ndiyo maana tumekaa. Siku mtakayotangaza kwamba ni zima, hapo hutaniona hapa."

Fulgensi alivuta karatasi, akachukua kalamu.

"Upo?" aliuliza Skolastika.

"Nipo, dada. Kesho asubuhi saa tatu fungua redio. Ifungue kwa sauti kubwa."

Hivyo basi, Jenerali Malekano alikwenda kutekeleza amri ya mkuu wake kwa uaminifu ambao haujapata kuonekana. Hakulainisha hata chembe. Alitangaza kwamba Bwawa la Ushindi ni imara, kwamba halijapata kuwa imara kama asubuhi hii, kwamba wataalamu wanasema litadumu miaka mia tatu, na kwamba wananchi wa Bonde la Kisengo hasa ndio wasiwe na hofu yoyote. Alipofika kwenye miaka mia tatu, walioko bondeni walikuwa wanafunga magodoro. Alipofika kwenye "hofu yoyote", wa mbele walikuwa wamefika nusu ya Kilima cha Mtimbwe, kuku mkononi, na Skolastika katikati yao akiwa na cherehani kichwani.

Bwawa lilivunjika siku mbili baadaye, saa nne ya asubuhi. Maji yake yalipita juu ya nyumba elfu mbili. Hakufa mtu.

*

Ikulu walifurahi kwa sababu yao. Tangazo la Jenerali lilikuwa tulivu kuliko yote yaliyowahi kusomwa, na kwa kuwa lilisema bwawa ni imara, basi bwawa lilikuwa imara. Idara iliagizwa isipokee ripoti yoyote kuhusu maji. Fulgensi aliongezewa nishani ya sita, ya Utulivu, daraja la kwanza, na akaelezwa pembeni kwamba Waziri Mkuu amechoka na kiti chake kitamfaa mtu mpole.

Lililowasumbua Ikulu lilikuwa moja. Siku ya Bwawa ilikuwa imebaki wiki moja, na bonde lilikuwa tupu.

"Bonde tupu linaonekana kama limehamwa," alisema Mtukufu Mlezi. "Nani atanipigia vigelegele? Nenda redioni tena, waambie warudi. Waambie pakavu na pazuri."

Ndani ya nafsi yake Jenerali alicheka. Akisema warudi, watakaa kilimani. Amri na wokovu, kwa mara ya pili, vilikuwa kitu kimoja, na yeye angekuwa Waziri Mkuu bila mtu kudhurika. Aliondoka Ikulu akipiga mluzi.

Ofisini alimkuta Perpetua amesimama mlangoni kwake, amepanda ngazi zote saba kwa miguu, matope hadi magotini.

"Nimetoka kule," alisema. "Upande wa kushoto umekwenda. Wa kulia bado umesimama na umeshikilia nusu ya maji, lakini msingi wake umelika. Masika yakianza, nao unakwenda. Watu wasishuke, mzee."

"Hawatashuka. Nitawaambia washuke."

Perpetua alimwangalia kama mtu anayepima ukuta. "Umeongea na dada yako wiki hii?"

Hakuwa ameongea naye. Alipiga simu. Skolastika alipokea kwa furaha ambayo Fulgensi hakuwahi kumsikia nayo tangu avae sare.

"Mdogo wangu, huku unaombewa kila jioni. Watoto wanne wamezaliwa kilimani, watatu wanaitwa Fulgensi. Wa nne ni wa kike, wanabishana."

"Dada, wananiombea kwa lipi?"

"Niliwaambia. Ningenyamazaje? Niliwaambia ulinipigia simu kabla, ukaniambia hameni, ukasikia utaratibu wetu, ukaenda ukatangaza vile kwa makusudi. Sasa kila mtu anajua Jenerali ni wetu." Sauti yake ilishuka kidogo, kama mtu anayekabidhi zawadi. "Tumekubaliana hapa, wazee na vijana. Wengine wakisema, tunageuza kama kawaida. Wewe ukisema, hatugeuzi tena. Tutafanya ulivyosema, neno kwa neno."

Karatasi ya Ikulu ilikuwa mezani mbele yake. Wananchi warudi. Pakavu. Pazuri.

"Fulgensi? Umefurahi?"

"Nimefurahi, dada," alisema, na hiyo ikawa habari ya mwisho aliyoilainisha.

Perpetua alikuwa bado mlangoni. "Anaweza kusoma mtu mwingine," alisema. "Akisoma mwingine, watageuza, watakaa."

"Amri ina jina langu. Na mimi nikikataa kusoma, wataambiwa kwamba nimesema, na kwamba sauti imenikauka." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Watatuma mtu anayejua kuniiga. Tunao watatu, niliwaajiri mwenyewe."

"Basi?"

"Basi lazima niwahi."

Akaomba ile ripoti ya Perpetua ya kalamu nyekundu. Perpetua alimpa akamwonyesha kwa kidole mahali pa kuanzia.

*

Fundi wa mitambo katika Redio ya Taifa alikuwa Zakayo Hinju, mzee aliyebakiza miezi miwili astaafu. Kazi yake ilikuwa kubonyeza vitufe viwili. Cha kijani hupeleka sauti nchini. Chekundu huikata, na kanuni husema kikibonyezwa, kabla ya sekunde tatu iwe imeanza ngoma ya asili. Tangu aajiriwe hakuwahi kukigusa chekundu, maana hakukuwahi kuwa na haja.

Jenerali aliketi. Karatasi ya Ikulu aliiweka kushoto, ya Perpetua kulia.

"Tayari, afande," alisema Zakayo, akabonyeza cha kijani.

Kilimani Mtimbwe watu walikuwa wamejipanga tangu alfajiri. Tetesi za kurudi zilikuwa zimefika, na wenye pupa walishafunga mizigo wakasimama kwenye njia ya kuteremka, redio mikononi, wakingoja tu mtu wao awape ruhusa. Skolastika alikuwa wa mbele. Alikuwa na mbegu zake za kupanda kwenye gunia na cherehani kichwani, shingo imekaza.

"Wananchi," ilisema redio. "Naitwa Fulgensi Malekano. Msirudi bondeni."

Mtu mmoja alikohoa. Hakuna aliyesogea.

"Bwawa limebomoka. Lilibomoka Jumanne, na Idara ilijua tangu mwezi uliopita. Kipande kilichobaki nacho kitaanguka masika yakianza. Nimeagizwa niwaambie pakavu. Si pakavu. Ile siku ya vita hawakuwa wageni, na walioenda kuwapokea waliuawa, na mimi niliandika vinginevyo kwa sababu sikutaka mtu asikitike. Nawaomba radhi wake zao. Jengeni hukohuko kilimani. Mtu akija kuwaambia mshuke, hata akija na sauti yangu…"

Alitua kuvuta pumzi, maana sentensi zisizolainishwa huhitaji pumzi nyingi. Mlango wa studio ulikuwa umeanza kupigwa kwa mateke.

"…mwulizeni kwanza kama atalala yeye bondeni, na familia yake, masika yote."

Pale kilimani mwanamke aliyesimama nyuma ya Skolastika, yule ambaye mumewe alitoka kwenda kuwapokea wageni, alikaa chini njiani kimya, akajifunika khanga usoni. Skolastika aliteremsha cherehani. Aliiweka kwenye majani kwa uangalifu, mahali pa tambarare, akakaa kando ya jirani yake. Wa nyuma wakaona, nao wakatua mizigo. Njia nzima ikajaa watu waliokaa.

*

Upande wa kulia wa bwawa ulianguka wiki ya pili ya masika. Maji yalipita bondeni asubuhi nzima, yakapita juu ya jukwaa lililokuwa limeandaliwa kwa ajili ya hotuba. Hapakuwa na mtu.

Kazi ya Fulgensi Malekano ilimalizikia kwenye kiti kile cha studio, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Nishani sita zilirejeshwa stoo. Alihukumiwa chumbani, kwa faragha, na wanajeshi watatu aliowapandisha vyeo yeye mwenyewe. Skolastika aliruhusiwa kumwona mara moja. Alimpelekea shati alilomshonea, lisilo na mahali pa kuning'iniza nishani, na inasemekana walicheka mpaka askari akafungua mlango kuona kuna nini.

Shahidi mmoja tu ndiye aliyewapa mahakimu hao shida. Walimwuliza Zakayo Hinju kwa nini, akiwa na kitufe chekundu chini ya kidole, alimwacha mshitakiwa azungumze mpaka mwisho.

Mzee alifikiri. Alikuwa amevaa suti yake ya kustaafia.

"Waheshimiwa," alisema, "nimefanya kazi redioni miaka thelathini na minane. Kila mtu akifungua kinywa, mimi najua atamalizia wapi. Yule nilikuwa sijui. Nikasubiri nisikie."